Msanii wa Nyuma ya Pazia

Huku kwetu mtu akitajwa tu, swali la kwanza ni ukoo. Wa kabila gani, baba yake nani, wazee wake walikaa mtaa gani Unguja, walirudi Omani lini. Mimi maswali hayo yamenichosha, na kwa huyu ninayetaka kumweleza hayatusaidii kitu. Tulimwita Msanii. Mama yake alimwita Msanii, mafundi wa gereji za Firq walimwita Msanii, na hata imamu wa msikiti wetu, ambaye nyimbo zake hakuzipenda hata chembe, alikuwa akigeuka kabla ya sala na kumwambia, "Sogea mbele, Msanii, ujaze safu."

Alikuwa akiimba regetoni. Kwa asiyeijua, ni ule muziki wa visiwa vya mbali wanakosema Kispania. Ngoma yake inagonga palepale kama mchi kwenye kinu, na juu yake kijana anatamba: mimi ndimi, nani kama mimi, tazameni gari langu, tazameni mkufu wangu. Msanii wetu huko hakuwahi kufika. Aliokota maneno ya Kispania kwenye simu, akayachanganya na Kiarabu cha mkoa wetu wa Dakhiliya na Kiswahili cha bibi yake, kile cha mji wa Unguja wa zamani, chenye "nyonda" na "mahabuba wangu". Ukimsikia unacheka kwanza. Halafu unajikuta unatikisa bega jikoni na mwiko mkononi.

Mimi nilimjua kwa kazi. Nasimamia harusi za wanawake, katika kumbi za Nizwa na Firq, na nikiitwa naenda mpaka Mudhaibi na Ibra. Kwa desturi yetu ukumbi wa wanawake haingii mwanamume. Simu zinaachwa mlangoni, mabuibui yanavuliwa, na hapo ndipo utakapoona nywele na dhahabu na nguo ambazo njiani huzioni. Familia ikitaka mwimbaji wa kiume, basi anakaa pembeni nyuma ya pazia zito, na maikrofoni yake na mitambo yake. Yeye hawaoni, na wao hawamwoni. Kwa hivyo lazima awepo mwanamke mtu mzima wa kusimama kwenye pindo la pazia na kumwambia bi harusi kafika wapi, sasa polepole, sasa piga, sasa nyamaza. Mwanamke huyo ni mimi. Nimesimama na waimbaji wengi kwenye pindo hilo, na wako waliojaribu kuchungulia nikawachapa vidole. Msanii hakuchungulia hata siku moja.

Huko nje ya pazia alikuwa na maringo mpaka yanakera. Alitembea kama anayesubiriwa na umma, hata alipokuwa anakwenda kununua mkate. Alivaa koti la ngozi katika joto la Firq, mahali ambapo mafundi wanavua mashati. Mkufu wake mzito ulimwachia alama ya kijani shingoni akitoka jasho, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa ndimu ajisugue. Na miwani ya giza haikumtoka, asubuhi wala magharibi. Siku moja nilimuuliza, "We mwanangu, jua limeshakuchwa, miwani ya nini?"

"Miwani hii si ya jua, Shangazi," alisema. "Ni ya watu."

Niliona jeuri imezidi, nikamwambia akienda hivyo ataingia mtaroni. Aliisukuma miwani juu ya pua akaenda zake.

Alikuwa na misemo yake, na vijana waliikariri. Nikimgombeza kwa kuchelewa husema, "Msanii hachelewi, Shangazi. Wengine ndio wanaowahi." Akisifiwa husema, "Najua." Akisikia kuna mtu kamsema vibaya huinua mikono kama anayeomba dua: "Maskini, Mungu amjaalie masikio." Akiulizwa wimbo mpya utatoka lini, hujibu kwamba wimbo bado unamfikiria. Ungeweza kumchukia kwa maneno hayo, lakini alikuwa akiyasema huku anakubebea kapu lako la sokoni mpaka mlangoni.

Mume wangu ana gereji ya kunyoosha na kupaka rangi magari pale penye karakana za Firq. Video za mwanzo za Msanii zote zilipigwa humo. Magari ya wakubwa yanaletwa yamebonyea, yanakaa kusubiri zamu, na Ijumaa baada ya sala, gereji ikiwa imefungwa, Msanii anakuja na rafiki yake mmoja wa kushika simu, analala juu ya boneti na kuuficha upande uliobonyea. Mume wangu alijifanya haoni. Mpaka ikaja siku mzee mmoja wa Mudhaibi, mwenye gari kubwa jeupe, akaingia gereji na simu mkononi, na ndani ya simu kijana amekaa juu ya gari lake anatamba kwamba amelipata kwa mapenzi ya mashabiki. Mume wangu anasema alianza kupiga shahada. Mzee akaitazama video mpaka mwisho, akairudia, kisha akasema, "Hapa taa ya nyuma inaonekana imevunjika. Mkishamaliza rangi, mwambieni aipige tena." Ikapigwa tena. Mzee mwenyewe alihudhuria, amekaa kwenye kiti cha plastiki na gilasi ya chai ya maziwa, akitoa amri za upande gani gari linapendeza.

Na huyo aliyekuwa akiimba mambo ya ulevi na wanawake chungu nzima, asubuhi alikuwa mchanja mifugo wa serikali. Alivaa gambuti akazunguka mashamba ya Mudhaibi akichanja mbuzi. Pombe hakuwahi kuionja. Alikunywa maziwa ya tangawizi na asali kwa ajili ya koo lake. Siku isiyo na harusi, isha ikishasaliwa yuko kitandani. Na wanawake wake wote, kwa ninavyojua mimi, walikuwa mama yake, bibi yake na miye, na sote tulikuwa tukimgombeza.

Sasa niseme ya nyuma ya pazia. Mara ya kwanza nilidhani ana homa. Ulikuwa ukumbi wa Nizwa, umejaa pomoni, na jina lake lilikuwa limeshavuma. Aliingia kwa mlango wa nyuma na maringo yake kamili, akawasalimia watu wa mitambo kwa kidole kimoja, wakatoka, nikafunga pazia. Palepale akavua viatu. Akavua mkufu, akavua miwani, akakaa chini kwenye zulia, mgongo ukutani, macho kayafumba. Mikono ilimtetemeka mpaka maikrofoni ikamgonga meno. Nilimpa maji, yakamwagika kifuani.

"Nikuitie daktari?" nilimuuliza.

"La, Shangazi. Ndivyo ninavyokuwa. Nambie tu, pazia limefungika?"

"Limefungika."

"Hawanioni?"

"Wakuone wapi? Hata mimi nakuona kwa taabu."

Akashusha pumzi, akafungua mdomo, ikatoka sauti ile. Lo! Sauti ya mtu aliyekalia kiti cha enzi. Upande wa pili vigelegele vinapaa na wasichana wanacheza mpaka viatu vinawatoka, na upande wangu kijana kajikunyata kwenye zulia, soksi imetoboka kidole, jasho linamtiririka, anaimba kwamba ulimwengu mzima unamhofu. Nilisimama katikati nimeshika pindo. Nilimwonea huruma, na sikufichi, nilitaka kucheka pia.

Baadaye, akinywa maziwa yake, alinieleza. Tangu skuli, akitazamwa na watu wengi koo linafunga. Alisimamishwa mbele ya darasa kusoma shairi, akasimama pale mpaka kengele ikalia. "Maneno yote yamo kichwani, Shangazi. Mlango ndio hauna ufunguo." Kamera aliiweza, maana nyuma yake yuko rafiki yake peke yake. Nyuso ndizo hakuziweza. Desturi yetu ya pazia ndiyo iliyomfanya mwimbaji. Angezaliwa nchi ambako harusini hakuna pazia, huyu angekufa akiimba bafuni. Na lile koti, na ule mwendo, na ile miwani niliyoisema sana, vyote vilikuwa vya kuzibia woga huo. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kijana huyu watu walimhusudu kitanda chake kila siku.

"Usimwambie mtu," aliniomba. "Wakijua, khalas, nimekwisha. Nani ataitikia 'nani kama mimi' na mtu anayetetemeka?"

Sikumwambia mtu. Hata mume wangu, ambaye namwambia mpaka ndoto zangu.

Niliwahi kumkuta kazini, katika shamba la jamaa zetu. Amepiga magoti zizini, uso mtupu, anauimba wimbo uliompa jina kwa sauti nyororo huku kambana mbuzi kwa paja na kuingiza sindano. Mbuzi katulia tuli.

"Kumbe hawa unawaimbia uso kwa uso," nilimtania.

"Mbuzi wananitazama, Shangazi," alisema, "lakini hawanirekodi."

Halafu kikatokea kisa cha mlimani. Hoteli moja ya Jabal Akhdar ilifanya tafrija msimu wa mawaridi, jukwaa liko wazi, wanaume upande huu, familia upande ule. Walimwita, naye akakubali. Angekataaje, na miaka yote anatangaza kwamba hakuna jukwaa linalomtosha? Aliwaomba waandalizi wamwekee pazia, wakacheka, wakadhani mzaha. Mimi na mume wangu tulipanda kwenda kumwona. Taa zikawaka, akapanda, koti linang'aa. Ngoma ikaanza, ikafika pahala pa kuingia sauti, ikapita. Ikazunguka tena, ikapita. Nikaona bega lake limeanza kutetema, nikaanza kumsomea Ayatul Kursiy kimoyomoyo.

Ndipo akageuka. Akawapa watu wote mgongo, akatanua miguu, akaimba akiuelekea ukuta. Wimbo wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, hakugeuka. Mimi nilingoja warushe chupa. Wapi! Watu waliingiwa na wazimu. "Itazame jeuri ile! Hata kututazama hataki!" Haikupita muda, vijana wa Nizwa wakawa wanajipiga video wakiimba wamegeuza migongo, na mwaliko ukifika kwa Msanii unakuja na sharti, aimbe kwa mgongo. Tukishuka mlima mume wangu alicheka mpaka nikamwambia ashike usukani vizuri. "Kijana ana kiburi," alisema, "lakini kiburi chenye akili." Mimi niligeuka nikatazama dirishani.

Sifa zikawa maradufu, na yeye akawa amefungwa maradufu. Watu wangemsamehe kila kitu, ila kuogopa. Na hapo ndipo lilipofika jambo ambalo hakuna mgongo wala miwani ya kulikabili, nalo ni harusi yake mwenyewe.

Alimposa msichana wa Ibra, mwalimu wa hesabu, mpole wa kusema na mgumu wa kudanganywa. Akdi ya ndoa ilifungwa msikitini, wanaume wachache, akanong'ona "nimekubali" akapita salama. Kisheria wakawa mume na mke, imebaki sherehe tu. Na katika sherehe zetu, kuelekea mwisho, bwana harusi anaingia ukumbi wa wanawake. Inatangazwa, wanawake wanavaa mabuibui yao, kunakuwa kimya, kisha mwanamume peke yake, na joho na jambia na kilemba, anakatiza ukumbi mzima kumfuata mkewe kwenye jukwaa lake, tunaloliita kosha. Macho yote yako kwake. Anakaa pale anatazamwa mpaka watu washibe. Msanii alikuwa amewaimbia mabwana harusi wengi sana mwendo huo.

"Kila ninayemwimbia najiona ndiye mimi," aliniambia. "Kile kimya, Shangazi, nakisikia tumboni."

Basi akawa anaahirisha. Mara ukumbi mdogo. Mara joto, tungoje baridi. Mara ana safari. Ukaingia msiba wa kweli upande wa msichana, nikamwona kijana anapumua, na hilo lilinikasirisha. Watu walikuwa na jibu lao tayari. Jina limempanda kichwani, mwalimu wa Ibra hamtaki tena, anatafuta wa mjini. Huko Ibra wazee wa msichana wakaanza kutaja talaka kabla ya walima. Mama yake Msanii alinijia analia, buibui limemwanguka mabegani.

"Mwanangu atampoteza yule mtoto," alisema, "na wallahi sijui sababu. Anampenda. Nasikia anavyosema naye kwenye simu."

Mimi nilijua anampenda, maana nyuma ya pazia hakuwa na hadithi nyingine. Nilimkalisha Msanii kitako.

"Mwambie mkeo," nilisema.

"Nimwambie nini? Yeye kakubali kuolewa na yule wa kwenye video."

"Basi huyo wa kwenye video ndiye atakayeachwa. Na wewe utabaki na mbuzi."

"Mwombe basi harusi iwe bila kuingia."

"Usiingie? Ibra? Watasema hukumtaka, umelazimishwa. Aibu ile ataivaa yeye maisha yake yote, si wewe."

Siku chache baadaye nikasikia tarehe imepangwa. Lakini siri yake hakumwambia mkewe.

Nilisimamia harusi ile mwenyewe, kwa heshima ya mama yake. Msanii alitaka aanzie nyuma ya pazia badala ya mlangoni, nikamkubalia. Ukumbi ulijaa, maana nusu ya walioalikwa walikuja kumwona mtu waliyemsikia miaka bila kumwona. Wakati ulipofika nilitangaza, "Jifunikeni, bwana harusi anaingia." Nikasikia mabuibui yanavaliwa ukumbi mzima, kisha kikaja kile kimya.

Nikafunua pindo. Alikuwa amesimama, kapendeza mashaallah, kilemba kimekaa sawasawa, na mguu haunyanyuki. Uso umekuwa wa majivu.

"Yallah, mwanangu. Bismillahi."

"Siwezi, Shangazi. Wallahi siwezi. Mwambie aniache tu, aolewe na mwenye miguu."

Nilimvuta mkono, nikaona namvuta mti. Nje minong'ono ikaanza. Mwanamke mmoja karibu yangu akamwambia mwenzake, bila kujali nasikia, "Si nilikwambia? Hamtaki." Nikatazama kule juu kwenye kosha. Bi harusi alikuwa kakaa wima, shingo kainyoosha, macho mbele, kama walivyomfundisha. Maua aliyoyashika akayashusha polepole magotini.

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilikatiza ukumbi mwenyewe, mtu mzima na magoti yangu mabovu, nikapanda kosha nikamwinamia sikioni.

"Mwanangu, hakukukataa. Anaogopa. Anaogopa watu wakimtazama, tangu utotoni. Yupo pale amevaa, mguu haunyanyuki."

Alinigeukia, na rangi zote zile za usoni hazikuficha kitu. "Anaogopa watu tu?"

"Watu tu."

"Si mimi?"

"Wewe ndiye uliyemfikisha pale."

"Miezi yote hii," alisema polepole, "nilidhani amenichoka."

Akampa mama yake maua. Akalishika gauni kwa mikono miwili, akasimama. Sasa ufahamu kwamba kwetu bi harusi hasogei. Analetwa, anakalishwa, hata kucheka anacheka kidogo. Huyu alishuka ngazi za kosha, akaanza kutembea peke yake katikati ya ukumbi, mkia wa gauni unafagia zulia, viatu vyake vina visigino kama misumari. Minong'ono ilikatika. Bibi mmoja alianza kupiga kigelegele, akakiacha njiani, hajui ni cha furaha au cha nini. Mimi nilikimbia mbele kumfungulia pazia.

Aliingia. Msanii alimtazama kama mtu aliyeamshwa.

"Umekuja wewe? Mbele ya watu wote wale?"

"Sogea," alisema mkewe. "Viatu vinaniuma."

Akasogea. Wakakaa juu ya sanduku la spika, bi harusi akavua viatu akaviweka kando. Ningetoka, lakini mtu wa pazia haachi pazia, kwa hivyo niligeukia ukuta. Alimwambia, "Haya, nieleze." Na Msanii akaeleza yote, shairi la skuli, zulia, mlimani, sauti yake iko chini sijapata kuisikia hivyo. Mkewe hakumwambia kwamba si kitu. Hakumwambia jikaze, wewe mwanamume. Alisikiliza, kisha akauliza kama anayemuuliza mwanafunzi amekwama wapi, "Ukiniimbia mimi, koo linafunga?"

"Sijui. Sijajaribu."

"Jaribu."

Aliimba. Hakuimba ya kutamba. Aliimba kitu kidogo cha bibi yake cha kubembelezea mtoto, macho wazi, anamtazama mkewe. Maikrofoni nilikuwa sijaizima, na ingawa maneno yake ya chini haikuyanasa, wimbo ukumbi wote uliusikia, na hakuna aliyecheza. Alipomaliza mkewe alisimama pekupeku, akamshika mkono, akalivuta pazia kwa mkono wa pili.

Wakatoka. Alitetemeka kila hatua, joho linatetemeka naye, na kila mwanamke mle ndani aliona. Nilingoja kicheko, nimejiandaa kumfukuza atakayekianza. Hakikuja. Bibi mmoja kando ya njia alimgusa mkono wa joho, akasema kwa sauti ya kumbembeleza mjukuu, "Kumbe ndiye huyu! Pole, mwanangu. Twende, umeshafika." Vigelegele vilivyofuata vilitetemesha taa, nami nililia waziwazi na wanja wangu wote ukaniharibikia.

Mengine aliyasema mwenyewe. Alijipiga video zizini, bila koti, akaeleza. Wako waliomdhihaki, wakasema kumbe simba wetu ni paka. Mialiko ilipungua kwa muda, kisha ikarudi, mingine ya namna nyingine: kina mama wenye watoto wanaogugumiza wakamwomba aende skuli zao aseme nao. Harusini bado anakaa nyuma ya pazia, maana desturi ni desturi. Lakini zulia halikalii tena, anakaa kwenye kiti, na tunakunywa maziwa ya tangawizi tukiwasema wenye harusi. Misemo yake hajaiacha. Juzi juzi nilimwambia kanenepa, akanijibu, "Najua."

Mara ya mwisho nimemwona Ibra, Jumatano, nje ya soko la wanawake. Ndani wanaume hawaingii, kwa hivyo waume hungoja uwanjani kwenye magari. Yeye alikuwa amesimama kivulini, kofia kichwani, mtoto wa kike amemlalia begani, na mkoba wa rangi ya waridi umening'inia mkononi mwake bila haya yoyote.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Msanii. Mwenzio yuko ndani?"

"Yuko ndani tangu asubuhi. Alisema anakwenda kununua uzi tu."

Akaniambia amealikwa kuimba Nizwa, jukwaa la wazi, na safari hii ataimba akiwaelekea watu, mwanzo mpaka mwisho. Mkewe atakaa mbele, lakini Msanii hataki kumtazama yeye tu, anataka kujaribu kutazama na wengine. Alilisema hilo akimpigapiga mtoto mgongoni, kama mtu anayekueleza mipango ya kupaka nyumba rangi. Nilifurahi mpaka nikasahau nilichokwenda kununua.

"Na kutetemeka je?" nilimuuliza. "Kumekwisha?"

"Bado, Shangazi," alisema. "Ila sasa natetemeka mbele za watu."